Bi Kinyaa: Mpiga Piano Ambaye Mikono Yake Ilikuwa Mizima

Wapendwa waombolezaji, ndugu, jamaa na majirani,

Wasifu huu umeandikwa na familia. Inabidi hili lisemwe mapema, kwa sababu kuna wasifu mwingine. Huo uliletwa nyumbani juzi na dereva wa Ukumbi Mkuu wa Muziki, umeshachapwa kwenye karatasi nzuri inayoteleza, una picha ya marehemu akitabasamu, naye hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo. Humo imeandikwa kwamba marehemu "alistaafu mapema kutokana na ugonjwa wa mikono". Familia iliombwa isome huo, kisha jeneza lipelekwe Ukumbini, liwekwe jukwaani, watu wapite kutoa heshima za mwisho. Mume wa marehemu aliusoma mpaka mwisho, akauweka mezani, akaenda kunawa mikono. Mdogo wake marehemu, ambaye ndiye aliyesimama mbele yenu, alimwahidi dada yake jambo moja kabla hajafa: siku ya kuzikwa, watu waambiwe kwamba mikono yake haikuwa na ugonjwa wowote. Basi sikilizeni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa tatu katika nyumba ya mafundi wawili. Baba alitengeneza cherehani, mama alizitumia. Walijuana kwa sababu cherehani ya mama ilikuwa inakata uzi, na baba, kwa maelezo ya mama, aliitengeneza vibaya makusudi ili aitwe tena. Aliitwa mara nyingi. Marehemu alipokuwa na miaka sita alikwenda na baba kutengeneza cherehani nyumbani kwa daktari wa meno, yeye kazi yake ikiwa kushika kopo la mafuta. Sebuleni mke wa daktari alikuwa anapiga piano. Mtoto akasimama hapo na kopo lake, mafuta yanamdondokea miguuni, hasikii akiitwa. Wimbo ulipokwisha akanyoosha kidole akasema, "Hicho kimoja kinalia vibaya." Mke wa daktari akakigonga kile kibonye, akasikiliza, akamwambia baba, "Huyu mlete Jumatano. Ila mikono yake ioshwe."

Akaoshwa. Mwalimu huyo wa kwanza hakuwa na mzaha: kabla ya kugusa piano ilikuwa sabuni mpaka viwikoni, na brashi ya kucha. Marehemu alisema mara nyingi kwamba alijifunza kuona kinyaa kabla hajajifunza nota. Nyumbani piano haikuwapo, kwa hiyo mama alimchorea vibonye kwa chaki ya kukatia nguo kwenye meza yake ya kazi, vyeupe na vyeusi, vyote. Mtoto akawa anafanya mazoezi pale bila sauti, mama anakata kitambaa upande wa pili. Siku moja mteja alikuja kuchukua gauni lake jeusi akalikuta lina mistari myeupe kifuani. Akauliza, "Hii ndiyo fasheni iliyoingia?" Mama, uso mkavu, akasema ndiyo. Mteja akaondoka anatamba nalo, na haikupita muda wakaja wengine wawili wanataka kama lile.

Shule ya msingi na sekondari alisoma karibu na nyumbani, akifaulu hesabu na kufeli michezo. Mwaka 1970 aliingia Chuo cha Muziki, na mwaka 1974 akapata nafasi ya kwenda kusoma nje, kwenye nchi ya baridi. Huko alipanga chumba kwa mama mmoja ambaye paka wake alilala ndani ya sufuria. Siyo karibu na sufuria. Ndani. Marehemu aliishi kwa mkate na mayai ya kuchemsha muda wote wa masomo, na hadi juzi alikuwa akimwona paka anageuza uso.

Mwalimu wake wa huko alikuwa mzee aliyekaa amempa mgongo, anatazama dirishani, na kila alipokosea mzee alikohoa. Miezi ya mwanzo marehemu alidhani mzee ana kifua, akamwonea huruma, akampelekea asali. Alipojua maana ya kikohozi kile alilia siku nzima, kisha akaanza upya. Asubuhi mkono wa kushoto peke yake, polepole kama anayetafuta kitu gizani. Mchana wa kulia peke yake. Jioni ndipo anaiozesha, yote miwili pamoja. Chumba cha mazoezi kilikuwa chini ya ardhi, na glavu zake alizikata ncha ili vidole vitoke. Siku alipopiga ukurasa mzima mzee asikohoe, mwenyewe aliingiwa na hofu, akaacha kupiga, akainuka kwenda kuhakikisha kama mzee bado yu hai. Alikuwa hai. Alikuwa anatabasamu kwenye kioo cha dirisha.

Alirudi mwaka 1979 akaajiriwa kuwa mpiga piano wa Ukumbi Mkuu, na mwalimu pale Chuoni. Usiku wake wa kwanza na orkestra, ukumbi ukiwa umejaa na wakubwa wamekaa mbele, aliketi, akatazama vibonye, hakuanza. Akatoa kitambaa cheupe mfukoni akavifuta, kimoja kimoja, toka chini mpaka juu. Watu wakaanza kucheka. Wengine wakaguna kwamba huyu mtoto wa fundi cherehani kaja na maringo ya ng'ambo. Alipomaliza, alisimama akakinyanyua kile kitambaa wote wakione. Kilikuwa na rangi ya chai, kinanata. Usiku uliotangulia Ukumbi ulikuwa umekodishwa kwa karamu na watu walitumia piano kama kaunta ya vinywaji. "Kinyaa," alisema, siyo kwa sauti kubwa, lakini ukumbi ule ulijengwa kwa ajili ya sauti ndogo. Ndipo akapiga. Waliokuwepo wanajua alivyopiga. Jina la Bi Kinyaa likamshika tangu siku hiyo, naye akalipenda, akaliandikisha mpaka kwenye kibao cha mlangoni kwake.

Mkurugenzi wa Ukumbi hakulipenda. Mkurugenzi alipenda karamu.

Sasa ndoa. Mpiga piano akitumia nota zilizoandikwa huhitaji mtu wa kumgeuzia kurasa, anayekaa kushoto kwake, asiyeonekana na asiyesikika. Mwaka 1981 mgeuzaji wa kawaida aliugua, akaletwa karani wa maktaba ya Chuo, kijana mpole mwenye miwani. Katikati ya kipande chenyewe, karani aligeuza kurasa mbili kwa mpigo. Marehemu akaendelea kwa kichwa huku akimwambia bila kufungua meno, "Rudi. Rudi!" Karani, kwa kuchanganyikiwa, akageuza mbele tena. Marehemu akapiga sehemu yote iliyobaki bila kuona nota hata moja, na hakuna aliyejua isipokuwa wao wawili. Nyuma ya jukwaa karani alimfuata, jasho linamtiririka.

"Wewe hujui kusoma nota?" marehemu alimuuliza.

"Najua."

"Sasa ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe."

Alimwambia aende zake, hana haya. Walioana mwezi Desemba 1982. Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume, na hakuna hata mmoja aliyetaka kusikia habari za piano. Marehemu alisema ni afadhali, maana alishawasikia wakijaribu.

Tunafika mwaka 1994, na hapa msomaji anaomba radhi kwa wenye moyo mwepesi, maana roho inachafuka.

Mwaka huo Ukumbi uliandaa mashindano ya wapiga piano vijana. Mshindi angepelekwa kusoma nje. Ili pasiwe na upendeleo, washindani walipiga nyuma ya pazia, wakiitwa kwa namba, wamekatazwa kusema neno au kujaribu piano kabla ya kuanza. Majaji walikuwa wanne, wamekaa mstari wa mbele: Mkurugenzi mwenyewe, mwalimu wa kuimba, kiongozi wa wapiga fidla wa orkestra, na marehemu. Marehemu alifurahi sana na lile pazia. Alisema kwa mara ya kwanza Ukumbi umefanya jambo safi.

Asichojua ni kwamba mpwa wa Mkurugenzi alikuwa mmoja wa washindani, na wale majaji wengine wawili walikuwa wameshanong'onezwa. Ishara ilikuwa hivi: atakayegonga kibonye cha chini kabisa mara moja, kabla ya kuanza, ndiye. Marehemu hakuambiwa. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia.

Sasa akaja binti mmoja, wa watu wasiojulikana, mfupi. Alipovuta kiti kisogee, kama alivyotusimulia mwenyewe baadaye, kiwiko chake kikagonga kibonye cha chini kabisa. Dum. Yule mwalimu wa kuimba hapohapo akaegemea kiti, akampa alama zote hata hajaanza kupiga. Mpiga fidla naye akaweka kalamu chini, kazi imekwisha. Binti akapiga, na alipiga vizuri kupita wote waliomtangulia, lakini wale wawili hawakuwa wanasikiliza. Wakaendelea washindani wengine. Karibu na mwisho akaja mwingine, akatulia, na kwa kidole cha madaha akagonga kibonye cha chini kabisa. Dum.

Mpiga fidla akainama mbele ya marehemu, aliyekaa katikati yao, akamnong'oneza mwenzake, "Mbona wako wawili?"

"Si alisema mmoja?" mwalimu wa kuimba akajibu.

"Wawili nini?" marehemu akauliza.

Mpiga fidla alijitia hamnazo, akatazama dari. Lakini mwalimu wa kuimba hakuwahi kuweka siri kinywani tangu azaliwe, akadhani marehemu naye yumo. "Waliogonga ile sauti ya chini," akasema. "Tulivyoambiwa. Sasa wa kweli yupi?"

Mdogo wake marehemu alikuwa amekaa mistari michache nyuma, akaiona shingo ya dada yake ikikakamaa. Wakati wa mapumziko marehemu alimfuata Mkurugenzi koridoni, mlangoni kwa vyoo, na mdogo wake akamfuata yeye.

"Wapige tena wale wawili," marehemu alisema. "Ukurasa uleule, pazia wazi, watu wanaona."

"Dada yangu, haya mambo yameshakwisha. Nenda kakae."

"Wapige tena."

"Kanuni haziruhusu."

"Kanuni!" Akarudia neno hilo kama anayetema kitu kilichooza. "Umemfundisha mtoto wa dada yako kuiba kwa kidole kimoja, unaniambia kanuni?"

Mkurugenzi alicheka. Kilichomkera marehemu maisha yake yote hakikuwa hata ule wizi, kilikuwa kile kicheko, cha mtu anayejua hakuna litakalompata. Akamwambia, "Fikiria konseto yako ya mwezi ujao. Umeifanyia kazi sana. Itasikitisha ikikosa nafasi."

Konseto hiyo, kipande kikubwa cha piano na orkestra, marehemu alikuwa ameiandaa kwa miaka. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na kwa mpiga piano huo ndio umri ambao mikono na akili vinakutana. Alikuwa anajua vizuri anachotishiwa. Akapanda jukwaani.

"Mabibi na mabwana," alisema, "tulielewana nyuma ya migongo yenu kwamba anayegonga kibonye cha chini kabisa ndiye mshindi. Bahati mbaya wamegonga wawili." Watu walicheka, wakidhani ni mzaha wa wasanii. Basi akashika kamba ya pazia akaivuta. Nyuma ya pazia, katikati ya jukwaa, alikuwa amesimama mpwa wa Mkurugenzi na shada la maua mkononi, tai imenyooka, mpiga picha amepiga goti mbele yake. Matokeo yalikuwa hayajatangazwa. Washindani wengine walikuwa wamepangwa ukutani kama viti vya ziada, na yule binti alikuwa wa mwisho, anajifuta macho kwa kiganja.

Mngedhani ukumbi ungelipuka. Haukulipuka. Mtu mmoja akakohoa, Mkurugenzi akapanda akatangaza kwamba mpwa wake ameshinda, na watu wakaenda kunywa chai. Orkestra nzima ilikuwepo. Watu aliokaa nao mazoezini miaka na miaka, waliokula nyumbani kwake, walifyata mikia, wakaenda kupanga foleni ya chai.

Baada ya wiki moja lilitoka tangazo kwamba marehemu amestaafu kwa sababu ya ugonjwa wa mikono, na konseto imefutwa. Alipokwenda Ukumbini mlinzi, huku akiona aibu mwenyewe, alimwambia ameagizwa asimfungulie. Na hapa ndipo penye kuchefua zaidi. Wale wenzake, waliojua ukweli wote, wakaanza kumwuliza njiani kwa sauti ya huruma, "Vipi mikono?" Wakamletea dawa za kuchua. Mpiga fidla alileta chupa kubwa ya dawa yenye harufu kali, akamwelekeza namna ya kujipaka kabla ya kulala. Marehemu aliipokea chupa, akaifungua mbele yake, akaimimina yote kwenye sinki la jikoni. Nyumba ilinuka wiki nzima. Alisema ile harufu ni nafuu kuliko ya aliyeileta.

Mikono yake ilikuwa mizima. Kila asubuhi, kwa miaka karibu thelathini, alipiga konseto ile sebuleni kwake, na mume wake akiimba sehemu za orkestra kwa mdomo: fidla kwa pua, tarumbeta kwa mashavu. Gereji ya jirani ilikuwa inagonga mabati muda uleule, na mafundi wake walijua kusimamisha nyundo panapokuja sehemu ya taratibu. Hao ndio waliokuwa hadhira yake. Hawakusoma muziki popote, lakini hawakumwuliza kamwe hali ya mikono, kwa kuwa waliisikia.

Alifundisha pale nyumbani. Yule binti wa kiwiko alikuja wa kwanza, marehemu akambatiza jina la Kidole, na leo Kidole anapiga piano kwenye kumbi za mbali na anarudi kila akipata likizo. Walimfuata wengine wengi. Wote waliosha mikono mpaka viwikoni. Wote walisikia maneno haya: "Toa mguu hapo! Pedali si blanketi, usifunike makosa yako." Na aliyepiga kwa kuigiza hisia, anayumba na kufumba macho, aliambiwa, "Unaumwa? Kama huumwi, kaa sawa."

Mwezi Agosti 2022 marehemu alipata kiharusi, kikauchukua mkono wa kulia. Alipotoka hospitali aliendelea kupiga kwa mkono wa kushoto, mume wake anaimba wa kulia. Habari zikafika Ukumbini. Mkurugenzi wa zamani alikuwa ameshastaafu kwa sherehe kubwa, na kiti chake, msishangae, amekikalia yule mpwa. Alikuja nyumbani na mpiga picha na afisa wa habari. Alisema Ukumbi umeamua kumuenzi, chumba kimoja kitapewa jina lake. Chumba gani? Cha kupumzikia wageni, karibu na vyoo. Yule afisa, binti mdogo wa watu, hajui historia, akautazama mkono wa marehemu uliolala pajani akasema kwa upole, "Pole Mama. Kumbe ugonjwa wenyewe ndio huu tunaosoma kila siku kwenye kumbukumbu zetu." Na mpwa akatingisha kichwa kukubali. Akakubali! Alikuwepo pale jukwaani na maua yake, na bado alitingisha kichwa.

Ulimi wa marehemu ulikuwa umekuwa mzito, maneno yalimtoka kwa shida. Hili lilimtoka zima. "Kinyaa," alisema. Mume wake akawafungulia mlango.

Hali yake ilibadilika mwishoni mwa Januari mwaka huu. Alilazwa kwa tatizo la kupumua. Wodini kulikuwa na televisheni iliyokuwa inapiga muziki wa kinanda cha plastiki kutwa nzima, akamwomba muuguzi aizime au amzime yeye. Muuguzi alicheka akazima televisheni. Jumamosi jioni ndipo alipomshika mdogo wake mkono na kumwachia ile ahadi. Alifariki Jumapili tarehe 4 Februari 2024, mume wake akiwa anamwimbia fidla kwa pua, polepole, sehemu ileile ambayo mafundi gereji hunyamaza.

Marehemu ameacha mume, mtoto wa kike na wa kiume, wajukuu watano, mdogo wake mmoja, na wanafunzi ambao familia inawahesabu kama watoto wa nyumbani.

Kuhusu ombi la Ukumbi, mpwa yupo hapa, amekaa mstari wa pili, suti nyeusi, naye apate jibu mbele ya watu kwa kuwa aliomba kwa karatasi. Jeneza halipiti Ukumbini. Marehemu alifungiwa mlango ule akiwa hai na mikono yake yote, hawezi kuingizwa leo akiwa hawezi kukataa. Ukumbi pia umeleta wabebaji wake waliovaa sare; wanaombwa warudi kwenye gari lao. Wanafunzi wake ndio watakaobeba. Maisha yake yote aliwakataza wasinyanyue hata ndoo ya maji, wasije wakaumiza vidole, na asubuhi hii familia iliwasihi wawaachie wengine. Wamegoma. Kidole ana onyesho wiki ijayo, naye ndiye aliyetangulia kushika mpini wa mbele.

Jambo la mwisho. Wapo waliokuja na desturi ya kumpigia msanii makofi jeneza lake likipita. Msipige. Mlikuwa na miaka thelathini ya kuyapiga, na nyumba yake mlikuwa mnaijua. Simameni tu mnyamaze, mikono yenu ibaki ilipo, na dada alale salama.